Wenye kibali cha kubeba bastola Marekani: mpango gani wa kulipiwa wakili unamfaa mtu wa grini kadi?

#1 MkaziWaAlief
Wakuu salaam. Nipo Houston, grini kadi ninayo, uraia bado. Leseni ya Texas ya kubeba silaha ninayo pia, ingawa tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mzima asiye na zuio la kisheria anaruhusiwa kubeba bila leseni. Nina duka la vyakula vya kwetu, nafunga saa nne usiku na mauzo ya siku yako kwenye mkoba. Bastola iko kiunoni chini ya shati.

Mwalimu wa shabaha katuambia wazi kwamba ukimpiga mtu risasi, hata kama haki iko upande wako, unaweza kukuta kesi mbili zinakusubiri, ya jinai na ya madai, na wakili hawezi kukungoja uuze kiwanja Bongo. Katushauri tujiunge na mipango ya kulipiwa gharama za kesi. Nimechungulia USCCA, US LawShield na CCW Safe. Mmoja anataja mamilioni ya dola, mwingine anasema gharama za utetezi hazina kikomo, mwingine bei yake ni dola kumi na kitu kwa mwezi. Mke wangu anasema hizo hela tuweke kwenye kibubu.

Naomba maoni ya mtu aliyesoma mkataba wenyewe. Matangazo nimeshayasoma yote.

#2 Dereva_I40
USCCA mkuu, usiumize kichwa. Niko nao muda mrefu. Mafunzo yapo mtandaoni, jarida linakuja mpaka kwenye sanduku la barua. Kadi yao naiweka nyuma ya leseni yangu ya trela.

#3 KomeWaColumbus
@Dereva_I40 hilo jarida ndilo litakalosimama mbele ya jaji? Tupe vipengele bwana.

Mleta uzi, kabla ya bei uliza kwanza hicho kitu ni cha aina gani. USCCA, wale wa West Bend, Wisconsin, ni chama kinachokatiwa bima na kampuni ya bima, halafu wewe mwanachama unaingia kama mnufaika wa bima hiyo. Kwa hiyo mkataba unaokuhusu ni ule wa kampuni ya bima, wenye vikomo na orodha ya mambo yasiyolipiwa. US LawShield walianzia hapo hapo kwenu Texas mwaka 2009 wakiitwa Texas Law Shield. Wao wanauza huduma ya sheria ya kulipia mapema: unalipa ada, yakitokea wakili wa mtandao wao anakutetea. Ukishindwa kesi ya madai ukaambiwa ulipe fidia, hiyo ni juu yako. CCW Safe ni wa Oklahoma, waanzilishi ni polisi wa zamani, 2011. Nao kwa asili ni uanachama wa kutetewa kesini.

Ukivipanga kwa bei tu, ndiyo unaona mmoja ghali na mwingine rahisi wakati vinafanya kazi tofauti.

#4 BintiUjiji
Naongezea ya Kome. Dhamana. Nyumbani tumezoea dhamana ya mtu na hati ya nyumba. Huku katika majimbo mengi unaenda kwa kampuni ya dhamana, unawalipa kama asilimia 10, na hiyo hairudi hata ukishinda kesi. Jaji akisema dola 250,000, wewe unatoa 25,000 zinaondoka jumla. Sasa mpango ukikuambia "dhamana hadi dola 100,000", uliza: hiyo 100,000 ni kiwango alichotaja jaji, au ni ile ada ya kampuni ya dhamana? Ni tofauti ya mara kumi. Na kwa baadhi ya mipango dhamana unainunua pembeni kama nyongeza, ada ya msingi haiigusi.

#5 Mchwa wa Chicago
Kwetu Illinois dhamana ya fedha ilifutwa tarehe 18 Septemba 2023. Jaji anaamua uachiwe au ubaki ndani, pesa haiingii. Kwa hiyo kwa mkazi wa huku kulipia nyongeza ya dhamana ni kutupa hela. Kila mtu aangalie jimbo lake.

#6 Dereva_I40
@Mchwa wa Chicago mkazi wa huko sawa, ila mkazi wa huko akikamatwa Indiana je?

#7 Mchwa wa Chicago
Hapo umenishika. Ukivuka mpaka dhamana inarudi palepale.

#8 Mzee Kivumbi
Vijana, mimi naishi Minneapolis na nasema huo mpango ni wa pili. Wa kwanza ni kujua sheria ya pale uliposimama. Texas huna wajibu wa kurudi nyuma mahali ulipo kihalali, mradi hukumchokoza mtu na hufanyi kosa jingine. Minnesota ukiwa nje ya nyumba yako unao. Na Julai 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo, kesi ya Blevins, ilikwenda mbali zaidi: kama ungeweza kuondoka kwa usalama, huwezi kudai ulijihami hata kwa *kuonyesha* tu silaha ya kuua. Yule bwana alikuwa na panga kituo cha treni, hakumkata mtu. Alitiwa hatiani.

Sasa mtu ana mpango wa dola 50 kwa mwezi, anachomoa bastola kwenye maegesho kumtisha jamaa aondoke, anajiona kafanya busara kwa kutofyatua. Kwetu keshaingia kwenye kosa.

#9 KomeWaColumbus
@Mzee Kivumbi shikamoo. Hilo la kuonyesha bila kufyatua limenikuta mimi mwenyewe, hapa Ohio, kwenye maegesho ya jengo ninaloishi.

Jamaa alinijia na gongo la besiboli kwa ugomvi wa nafasi ya gari. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa gari, nikainua shati, nikaweka mkono kwenye bastola. Sikuichomoa. Akaondoka, akapiga 911, simu ya dharura ya polisi, kabla yangu. Polisi walipokuja mlalamikaji akawa yeye, mimi mtuhumiwa wa kutishia. Aliyewahi simu ndiye aliyeandikwa mwathirika, hilo mlishike.

Nikapiga namba ya dharura ya mpango wangu, sitawataja. Dada wa kwenye simu kaniuliza namba ya uanachama, kisha kauliza: "Umefyatua?" Nikasema hapana. Kimya kidogo, halafu kaniambia faili litapitiwa na watu wa madai, nitapigiwa. Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa, kwamba kuonyesha silaha "kunaweza" kuhesabika kama matumizi. Wakati huo nilishamlipa wakili mfukoni. Kesi ilifutwa, ila pesa yangu waliirudisha nusu tu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kampuni yoyote sasa ni hili: nikionyesha silaha bila kufyatua, mnalipa kuanzia saa ile, au mnarudishia baadaye? Na nataka jibu kwa maandishi.

#10 MkaziWaAlief
Pole sana Kome. Hili la kuonyesha sikulifikiria kabisa. Je, hao waliokataa walikuwa wa bima au wa huduma ya sheria?

#11 KomeWaColumbus
Wa bima. Lakini usijenge kanuni juu ya kisa changu, nimesikia malalamiko ya pande zote mbili.

#12 PiliPili_Dallas
Habari zenu. Nafanya kazi ofisi ya mawakili, mimi si wakili, ila kesi za ndugu zetu nazipanga kwenye mafaili kila siku. Nawaomba mleta uzi na wote wenye grini kadi msome hii taratibu.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema mgeni aliyetiwa hatiani, wakati wowote baada ya kuingia nchini, kwa kununua, kuuza, kutumia, kumiliki, kuwa na au kubeba bunduki au bastola kinyume cha sheria *yoyote*, anaweza kufukuzwa nchini. Haisemi kosa kubwa. Kosa dogo la faini linatosha. Mwananchi anaambiwa na wakili wake "kiri hili dogo, utalipa faini uende nyumbani", anashukuru Mungu. Wewe wa grini kadi ukikiri kosa hilo hilo dogo lenye neno silaha ndani yake, unatoka mahakamani huru halafu uhamiaji wanakuchukua.

Texas kuna mtego zaidi. Kuna utaratibu wa kukiri, jaji anaahirisha hukumu, unatumikia muda wa uangalizi, kesi inafungwa bila hukumu. Kwa sheria ya jimbo hukutiwa hatiani. Kwa sheria ya uhamiaji umetiwa hatiani, maana ulikiri na ukawekewa masharti. Nimeona watu wa familia wamekaa kwenye kiti cha ofisini wameshika cheti cha kumaliza uangalizi, wanadhani kimewaokoa.

Mahakama ya Juu, kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, 2010, ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja wake hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri. Wajibu upo. Lakini wakili uliyegawiwa usiku wa manane na kampuni anaweza kuwa bingwa wa kujihami na asijue chochote cha uhamiaji. Kwa sisi, swali kubwa kuliko mamilioni ni: nani anachagua wakili, na je mpango utamlipa wakili wa uhamiaji akae meza moja na yule wa jinai kabla sijasaini chochote? Mikataba iliyopita mikononi mwangu imetaja jinai na madai. Mahakama ya uhamiaji sijaiona imetajwa, na kule serikali haikupi wakili wa bure.

#13 BintiUjiji
Asante sana PiliPili. Uzi ungeanza na hii.

#14 Mzee Kivumbi
Marahaba Kome. @PiliPili_Dallas umesema jambo zito. Kuna kijana wa kanisani kwetu alipita njia hiyo hiyo, bastola ilikuwa chini ya kiti cha gari. Sasa yuko Kigali anaanza upya, watoto wako huku.

#15 Ndege Mjanja
Mimi naona mnatisha watu. Ukweli ni kwamba hizi kampuni hazilipi, ndiyo maana New York iliwafukuza. NRA, kile chama cha kutetea wenye bunduki, walikuwa na mpango wao wa Carry Guard wakapigwa faini ukafa. Na baadaye NRA wakashinda Mahakama ya Juu, kwa hiyo sasa ni halali tena New York.

#16 Mchwa wa Chicago
@Ndege Mjanja umechanganya mawili. Carry Guard ilizinduliwa 2017. Mwaka 2018 New York ikawatoza wakala wao Lockton dola milioni 7 na kampuni ya bima Chubb milioni 1.3. NRA wenyewe walimalizana na jimbo 2020 kwa milioni 2.5 na kuzuiwa kuuza bima huko miaka mitano. Ushindi wa Mei 2024, majaji 9 kwa 0, ulihusu uhuru wa kusema: kama mdhibiti wa bima aliwabana mabenki na makampuni wasifanye kazi na NRA kwa sababu ya msimamo wao. Bima yenyewe haikuhalalishwa na hukumu ile.

#17 Ndege Mjanja
Sawa, asante kwa kunyoosha. Lakini kwa nini jimbo likatae mtu kujikatia bima yake mwenyewe?

#18 PiliPili_Dallas
Hoja ya wadhibiti ni kwamba bima haitakiwi kulipia kitendo cha makusudi kinachoweza kuwa jinai. Mtu asifyatue akijua kuna wa kumlipia. California nayo ina kifungu cha zamani kinachozuia kampuni ya bima kulipia kitendo cha makusudi.

#19 Dereva_I40
Hiyo ni siasa tu. New York na jimbo la Washington hawapendi silaha, wakatafuta mlango wa nyuma. Mbona daktari anakatiwa bima ya kosa lake?

#20 KomeWaColumbus
Daktari hakukusudia kumuumiza mgonjwa. Aliyejihami alikusudia kufyatua, ila anadai alikuwa na haki. Hapo ndipo bima inapokwama. Na suala la tatu hamjaligusa: wengine walikuwa wanauza kitu kinachofanana na bima bila leseni ya bima. ACLDN, ule mtandao wa kutetea kesini wenye silaha, wa jimbo la Washington, ulibanwa na mdhibiti wa jimbo lake kwa hoja hiyo, wakati wao wanajiita chama cha kuchangiana.

#21 Ndege Mjanja
San Jose, California, wao tangu Januari 2023 wanawalazimisha wenye bunduki wawe na bima! Jimbo moja linakukataza, mji mwingine unakulazimisha.

#22 Mchwa wa Chicago
Ile ya San Jose ni ya ajali: bunduki imejifyatua, mtoto kaichezea. Hata bima ya kawaida ya nyumba inaweza kutosha. Kujihami ni jambo jingine. Na kwa faida ya wote, bima ya nyumba kwa kawaida ina kipengele kinachotoa madhara ya makusudi. Baadhi zinaruhusu nguvu ya kadiri ya kujilinda, lakini wakili wa kesi ya jinai hazimlipii.

#23 BintiUjiji
Kuna jambo linanisumbua. Huu uanachama wenyewe hauwezi kugeuzwa ushahidi dhidi yako? Louisiana mwaka 2018 kuna mama alimpiga risasi mumewe waliyetengana, kwenye maegesho ya duka, akasema alijihami. Alikuwa amejiunga na mpango muda mfupi kabla. Kampuni ilianza kulipa ikasitisha, upande wa mashtaka ukasema huo ni mpango wa kuua, na 2022 akatiwa hatiani.

#24 Dereva_I40
Yule alihukumiwa kwa kuua, siyo kwa kuwa na kadi. Maelfu wana kadi.

#25 PiliPili_Dallas
Ninavyoona kisa kile kinafundisha jambo jingine. Mipango mingi ina kipengele cha watu wa nyumba moja: ukimdhuru mume, mke au ndugu unayeishi naye, hailipi, au inalipa kwa masharti makali. Na baadhi ya mikataba ina haki ya kukudai pesa zirudi ukitiwa hatiani. Hicho kipengele cha kurudisha kitafuteni hata kama mnaruka kurasa nyingine zote.

#26 MamaNia_Seattle
Dada zangu tunaoishi na hofu ndani ya nyumba zetu wenyewe, hicho kipengele kinatutupa nje kabisa. Mimi nilipoomba amri ya mahakama ya kunilinda na mtu niliyeishi naye, nilinunua bastola kihalali. Mpango niliopigia simu wakanijibu hawauzi kwa mkazi wa Washington, na hata ningekuwa Idaho, yule mtu angehesabiwa wa nyumbani. Hatari yangu ilikuwa na jina na ufunguo wa mlango. Nani anatengeneza mpango kwa ajili ya mtu kama mimi?

#27 Mzee Kivumbi
Pole mwanangu. Natumaini sasa uko salama.

#28 MamaNia_Seattle
Niko salama baba, shikamoo. Nilimlipa wakili wa mtaani ada ndogo akaweka faili langu tayari, na namba yake niliikariri. Sikumhitaji.

#29 Ndege Mjanja
Ndiyo hoja yangu sasa. Tafuta wakili wa jinai wa mji wako, mlipe saa moja ya mazungumzo, kariri namba. Pesa ya mwezi weka benki. Mke wa mleta uzi yuko sahihi.

#30 KomeWaColumbus
Kibubu cha dola 30 kwa mwezi kinafika lini kwenye gharama ya kesi ya mauaji? Wataalamu wa majeraha, wapelelezi binafsi, kesi inayokwenda mbele ya jurii. Kyle Rittenhouse, yule kijana aliyepiga watu risasi kwenye maandamano Wisconsin akadai kujihami, dhamana yake pekee ilikuwa dola milioni 2, na aliachiwa huru 2021. Ada ya wakili haijaingia hapo.

#31 Ndege Mjanja
Kesi ile ilikuwa ya televisheni, iliyochangiwa nchi nzima. Yako wewe na gongo la besiboli iligharimu kiasi gani? Ungekuwa na akiba ungeumia?

#32 KomeWaColumbus
Ningeumia kidogo. Nakupa hiyo.

#33 Otieno wa Lowell
Wapendwa, huko Kenya bodi ya leseni za silaha inakuhoji mpaka babu yako, na hapa Massachusetts leseni ni lazima na inatoka kwa mkuu wa polisi wa mji. Mimi nauliza tofauti. Naendesha Uber usiku. Hii mipango inanifunika nikiwa kazini?

#34 Dereva_I40
Uber wamekataza dereva na abiria kubeba silaha kwenye safari tangu 2015. Huvunji sheria ya jinai kwa hilo tu, ila akaunti watakufungia. Uliza mpango wako kama kuvunja kanuni ya mwajiri kunaathiri malipo. Kuwa mahali palipokatazwa na sheria, mfano shule au ofisi ya posta, au kuwa umelewa, hivyo ndivyo vinavyoweza kukutoa.

#35 PiliPili_Dallas
Na bangi. Minnesota na kwingine imeruhusiwa na jimbo, lakini sheria ya shirikisho bado inamzuia mtumiaji kuwa na silaha. Kwa mgeni hiyo inaongeza tatizo la pili la uhamiaji juu ya la kwanza.

#36 Kijana wa Chuo
Mimi niko hapa kwa viza ya mwanafunzi, naweza kununua?

#37 PiliPili_Dallas
Kwa kawaida hapana. Sheria ya shirikisho inawazuia wenye viza za muda, isipokuwa wachache, kwa mfano mwenye leseni halali ya uwindaji. Usiguse kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji, hata ya rafiki uwanja wa shabaha.

#38 MkaziWaAlief
Wakuu nimerudi. Nimeandikia kampuni mbili barua pepe. Nimewauliza kuonyesha bila kufyatua, nani anachagua wakili, kurudisha pesa, na wakili wa uhamiaji. Mmoja kanitumia mkataba mzima na akajibu matatu ya kwanza. La uhamiaji kasema halimo. Mwingine kanitumia punguzo la bei. Naelekea kwa yule wa kwanza, na pembeni nimlipe wakili wa uhamiaji wa hapa Houston aniwekee faili kama alivyofanya MamaNia. Mke kakubali nusu kibubu, nusu mpango.

#39 Ndege Mjanja
Unalipa mara mbili sasa.

#40 BintiUjiji
Mwache alipe. @MkaziWaAlief mke naye yumo kwenye mpango? Akiwa ndiye anafunga duka siku hiyo?

#41 MkaziWaAlief
Wanasema mwenzi ni nyongeza. Sijauliza kama anafunikwa akitumia bastola iliyoandikwa jina langu. Naandika tena leo.

#42 Dereva_I40
Wakati unasubiri jibu, mimi nina langu. Wiki ijayo napeleka mzigo New Jersey kupitia Illinois na Pennsylvania, na leseni yangu ni ya Texas. Bastola nifanyeje?

#43 Mchwa wa Chicago
Illinois haitambui leseni ya Texas, ila mwenye leseni ya jimbo lake anaruhusiwa kupita nayo akiwa ndani ya gari. Ukishuka, ifungie humo. New Jersey usicheze kabisa. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia mwenye leseni ya Pennsylvania alisimamishwa huko, akamwambia askari mwenyewe kwamba ana bastola, akashtakiwa kosa la jela. Gavana Christie alimsamehe 2015. Wewe na mzigo wa kushusha kule kule, iache nyumbani.